Kibao Kisicho na Kitenzi

Simama mbele ya jengo lolote linalopanda Kijitonyama, Mikocheni au Upanga, jijini Dar es Salaam, usome kibao kilichofungwa kwenye uzio wa mabati au kuchomelewa juu ya mabomba mawili ya chuma. Juu kabisa kuna jina la mradi kwa Kiingereza, herufi kubwa tupu, nalo kwa kawaida huanza kwa neno la kusema kwamba ujenzi huu umependekezwa. Chini yake vyeo vinashuka kimoja kimoja, kila kimoja na nukta mbili zake: mteja, msanifu majengo, mkadiriaji majenzi, mhandisi mshauri, mkandarasi. Mbele ya kila cheo pana jina la kampuni, sanduku la posta na nembo. Basi, kimekwisha. Hakuna anayejenga wala kinachojengwa. Hakuna kilichoanza, na hakuna kitakachomalizika. Katika maandishi yote hayo hakuna kitenzi hata kimoja kinachofanya kazi.

Lile neno la pendekezo lina vituko vyake. Zege la ghorofa ya nane limeshamwagwa, vioo vinatiwa, dalali ameshaanza kuwaonyesha watu vyumba, na kibao bado kinasema jengo linapendekezwa. Litapendekezwa mpaka siku kibao kitakapong'olewa. Ukitaka kujua umbo hili limetoka wapi, omba kuona mchoro wa jengo lenyewe, uangalie kona ya chini upande wa kulia. Utakuta jedwali lilelile: jina la mradi, mteja, msanifu, mhandisi, na neno la pendekezo likiwa mahali pake halali, kwa kuwa karatasi ilipochorwa jengo halikuwapo. Kibao cha barabarani ni kona ya mchoro iliyokuzwa ikapakwa rangi. Kimehamia mtaani na adabu zake za ofisini, na hakikupata mtu wa kukifundisha kusalimia wapita njia.

Wala hakikukusudiwa kuwasalimia. Kinachokiweka pale ni sheria. Makandarasi wanasimamiwa na bodi yao ya usajili, CRB, chini ya sheria ya 1997. Wahandisi wana ERB, yenye sheria ya mwaka huohuo, na wasanifu na wakadiriaji wana AQRB, yenye sheria ya 2010. Eneo la ujenzi lisilo na kibao ni kosa ambalo wakaguzi hulikamata mapema kuliko yote, maana halihitaji kupanda ngazi. Ndiyo sababu utaona pia stika zimebandikwa pembeni, ndogo kama leso: bodi zimeupitia mradi na kuutambua. Msomaji wa kibao, basi, ni mkaguzi anayepita na gari la ofisi. Yeye hahitaji sentensi. Anahitaji kuhakiki kwamba kila kiti kina mtu, na kwa kazi hiyo umbo la orodha linafaa kuliko jingine lolote. Nafasi ikiwa wazi, jicho linaliona pengo kabla ya kusoma.

Kwa hiyo silaumu orodha kwa kuwa orodha. Lawama yangu iko kwenye mpangilio wake wa ukubwa. Mteja yuko juu kwa sababu ndiye mwenye fedha. Mkandarasi yuko chini, lakini mara nyingi ndiye mwenye herufi nene, rangi ya kampuni na nambari ya simu, kwa kuwa kwake kibao ni tangazo la bure lenye ruhusa ya sheria. Mabango ya matangazo hulipiwa ada kwa ukubwa wake, ada ambayo mwaka 2017 ukusanyaji wake ulihamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato, TRA, na kila mfanyabiashara anajua uchungu wa kupimiwa bango lake. Chini ya mwavuli wa takwa la kisheria, kampuni inajitangaza mwaka mzima kwenye kona ya barabara. Matokeo ni maandishi yenye sauti mbili. Moja inamwambia mkaguzi kwamba sote tupo, nyingine inamwambia mwenye kiwanja cha jirani kwamba akitaka kujenga awapigie wao.

Ambacho hakimo ni kile ambacho jirani angetaka kukisoma. Ghorofa ngapi? Kibali cha nani, cha tarehe gani? Saa za kazi ni zipi, na zege litamwagwa usiku mpaka lini? Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36, wakiwamo watoto waliokuwa karibu nalo. Baada ya msiba ule maswali yalielekezwa kwa watu wale ambao vyeo vyao ndivyo vinavyojaza vibao: mmiliki, mkandarasi, mhandisi, halmashauri. Orodha ya kibao ni orodha nzuri sana ya mashahidi. Imeandikwa kwa siku ya kesi. Kwa siku iliyo kabla ya kesi, siku ambayo mama anapitisha mtoto chini ya jukwaa la miti, haina neno.

Vibao vya miradi ya umma ni ndugu wa baba mmoja na hivi, lakini wamelelewa nyumba nyingine. Vingi vimeandikwa Kiswahili: mshitiri, mkandarasi, msimamizi, chanzo cha fedha, gharama, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Mistari hiyo ya mwisho ndiyo inayobadilisha kila kitu. Jina la kampuni haliwezi kuwa uongo kwa kukaa tu juani, ila tarehe ya kumaliza inaweza. Siku ikipita na barabara bado ni vumbi, kibao chenyewe kinageuka kuwa shtaka bila mtu kuongeza herufi. Nimeona vibao ambavyo mstari wa tarehe ndio pekee uliochubuka, na sijui niamini kwamba ni jua. Hapo pia ndipo kitenzi kinapochungulia kwa mara ya kwanza, kwa unyenyekevu, kwenye ubao mdogo wa pembeni unaotuomba radhi kwa usumbufu na kusema kwamba watu wapo kazini.

Umbo la kibao cha umma linasomeka vizuri zaidi pale mstari mmoja unapokosekana. Shule na zahanati nyingi za miaka ya karibuni zimejengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: hakuna mkandarasi, kamati ya shule inanunua saruji, na fundi wa kijijini anapatana bei. Kwenye kibao, mahali pa mkandarasi panafungwa, na jina la chanzo cha fedha linapanuka kujaza nafasi. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ulipojenga madarasa 15,000 mwaka 2021 na 2022, jina la mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19 lilikuwa refu kuliko majina yote ya watu waliobeba matofali. Wananchi walilikata wakasema madarasa ya UVIKO, na hata hivyo fundi hakupata mstari.

Sasa geuka, uangalie ukuta wa nyumba ya pili. NYUMBA HII HAIUZWI.

Hapa sheria haikuagiza kitu. Hakuna kanuni ya halmashauri inayosema herufi ziwe na urefu gani, wala bodi inayotoa stika. Ni rangi nyekundu au nyeusi, brashi iliyokakamaa, na fundi wa maandishi aliyelipwa kwa herufi, au mwenye nyumba mwenyewe, ambaye utamjua kwa mstari unaopanda mlima ukielekea kulia na herufi mbili za mwisho zilizobanwa ukutani. Na yote ni sentensi kamili. Maneno matatu tu, yana kiima, yana kiarifu, na nyuma yake kuna mgogoro ambao kibao cha jirani kisingeweza kuubeba kwa majina ishirini.

Anza na ile «hii». Kibao cha mkandarasi kinaweza kung'olewa Sinza kikapakwa upya Tegeta, kimetengenezwa kusafiri. Sentensi ya ukutani haiwezi kuhama. Ukiibeba ikaenda kwenye ukuta mwingine, maana yake inahama nayo, na mwenye ukuta huo atakuuliza unataka nini. Kisha tazama wakati wa kitenzi. Hasemi haitauzwa, ambayo ingekuwa ahadi, na ahadi hubishaniwa. Hasemi haijauzwa, ambayo ingekaribisha mazungumzo ya bei. Haiuzwi ni hali ya kudumu kama kusema maji hayachomeki: ilikuwa hivyo jana na itakuwa hivyo kesho utakapokuja na mfuko wa fedha.

Lakini ufundi wake mkubwa ni kumficha mtendaji. Haiuzwi na nani? Kila mpita njia anadhani sentensi inamlenga tapeli wa mjini, hasa inapofuatiwa na mstari wa pili unaoonya juu ya matapeli. Wako kweli, na wapo waliouza kiwanja kimoja kwa watu watatu kati ya Jumatatu na Ijumaa. Ila wenyeji wa mtaa husoma tofauti. Wanajua kwamba mara nyingi muuzaji anayezuiwa analala ndani ya nyumba hiyohiyo: mtoto wa kwanza wa marehemu anayetaka mgao wake mapema, baba mdogo aliyejifanya msimamizi wa mirathi, mume aliyeanza kupokea wageni wanaopima uwanja kwa hatua. Sentensi inafanya kazi ya jina la kanga. Imevaliwa na nyumba, inasomwa na wote, haimtaji mtu, na mlengwa anajijua. Kama ingetaja jina, ndugu wangelazimika kukaa kikao. Kwa kuwa haikutaja, wanaweza kuendelea kula pamoja huku ukuta ukisema.

Sheria inayo njia ya kusema jambo hilohilo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kwa ardhi iliyosajiliwa mtu mwenye maslahi anaweza kupeleka zuio kwa msajili wa hati. Zuio ni maandishi mazuri, lakini linahitaji rejista ya kuandikwa ndani yake. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilijengwa bila kupimwa. Leseni za makazi zilizoanza kutolewa katikati ya miaka ya 2000 hazikumfikia kila mtu, na nyumba nyingi za Manzese, Buguruni au Mbagala zimebadilisha mikono kwa karatasi ya mauziano, mashahidi na muhuri wa serikali ya mtaa. Mwanamke wa nyumba kama hiyo akitaka kuweka zuio, aliweke wapi? Analiweka mahali ambapo mnunuzi hana budi kupita. Ukuta unakuwa rejista, na rangi inafanya kazi ya msajili, tena saa zote, bila kumwambia arudi kesho.

Niseme pia kwamba umbo hili lina udhaifu ambao wapenzi wake hawautaji. Halina sahihi, kwa hiyo halina wa kuulizwa. Tapeli mwenye akili anaweza naye kulipaka kwenye kiwanja cha mjane ili awatishe wanunuzi wengine, bei ishuke, kisha aje mwenyewe kwa upole. Na wale wanaoongeza nambari ya simu chini ya KIWANJA HIKI HAKIUZWI wananipa shaka kidogo. Kama hakiuzwi kweli, tupigiane kuzungumza nini?

Pacha wake wa upande wa pili, VIWANJA VINAUZWA, sitakaa naye sana, kwa kuwa hana siri. Kapigiliwa kwenye nguzo ya umeme bila kibali cha mwenye nguzo, na anaahidi kwa utaratibu uleule: vimepimwa, umeme upo, maji yapo, unalipa kwa awamu, ni umbali fulani tu kutoka lami. Lami ndiyo kitovu cha dunia yake. Umbali huo umepimwa na mtu aliyekuwa ndani ya gari, asubuhi ya Jumapili, wakati wa kiangazi. Kinachonivutia ni kwamba naye kamficha mtendaji vilevile. Haijaandikwa nani anaviuza. Dalali wa Tanzania amefanya kazi kwa muda mrefu bila bodi inayomsajili kama ilivyo kwa mkandarasi, wakati Kenya ina sheria ya mawakala wa majengo na ardhi, Sura ya 533. Kwa hiyo kwenye soko la ardhi mtu anauziwa kwa sentensi isiyo na mwenyewe, na anazuiwa kununua kwa sentensi isiyo na mwenyewe, na kati ya hizo mbili inabidi achague ukuta wa kuamini.

Kisha kuna herufi X, ambayo ni fupi kuliko maandishi yote ya mji na ndiyo inayosomwa kwa moyo kwenda mbio.

X ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, ina sarufi yake ya rangi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipopanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 mpaka mita 30 kila upande wa mstari wa kati, ilizaa kundi la nyumba ambazo zilikuwa nje ya hifadhi jana na ziko ndani leo. Hizo zilipakwa X ya kijani: utahama, utalipwa. X nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani: utahama, hulipwi. Alama moja na ukuta mmoja, ila kopo la rangi ndilo linaloamua kama familia itapata fidia. Katika barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, ambako hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, X nyekundu zilikaa miaka kwenye kuta za watu kabla ya bomoabomoa ya 2017. Watoto walizaliwa wakakuta X ukutani kama walivyokuta saa na kalenda.

Pembeni ya X huandikwa neno BOMOA. Hapa ndipo msomaji wa umbo anapaswa kusimama, maana kitenzi kimekuja hatimaye, tena kitenzi kitupu, bila kiima wala yambwa. Kinamwamuru nani? Mtu angetarajia itabomolewa, kauli ya kutendwa yenye kumficha mtendaji kama ile ya haiuzwi, na serikali ingekuwa mahali pake pa kawaida, nyuma ya pazia. Badala yake imechaguliwa amri ya umoja. Aliye karibu zaidi na ukuta, anayetoka asubuhi na kusoma, ni mwenye nyumba. Anaamriwa yeye. Na ndivyo notisi zenyewe zinavyosema: ondoa mwenyewe, kwa gharama yako, kabla hatujaja. Wengi walitii sentensi hiyo kwa namna yao. Waling'oa milango, madirisha, bati na hata misumari, wakauacha ukuta wenye maandishi uwasubiri wenye greda. Afisa wa manispaa anayepaka SIMAMISHA UJENZI kwenye msingi usio na kibali anatumia umbo lilelile, na vifupisho vya ofisi yake chini kama sahihi. Kati ya maandishi yote ya ukutani hayo ndiyo yenye sahihi. Anayeogopa haweki jina, anayeogopwa anaweka.

Maandishi yanayosomwa na watu wengi zaidi kwenye eneo la ujenzi hayajatajwa bado. Ni HAKUNA KAZI, kwenye lango, Dar es Salaam na Nairobi vilevile. Husomwa alfajiri na vijana waliokuja na nguo za kubadilisha ndani ya mfuko wa plastiki. Wengi wao wakishasoma hukaa hapohapo. Wanajua kwamba sentensi hiyo iliandikwa siku ya kwanza ya mradi na haijawahi kuwa kweli, kwa sababu kila asubuhi kuna saidia fundi ambaye hakutokea. Ni kibao pekee ambacho wasomaji wake wamekihakiki kwa miguu yao na kukikataa.

Umbo ambalo ningependa tulisome kwa makini zaidi limo Kenya. Mwenye kiwanja akitaka kugeuza matumizi yake, tuseme kutoka nyumba ya familia moja kuwa fleti, hutoa tangazo gazetini na kuweka jingine kwenye kiwanja chenyewe, akieleza anachokusudia na kumwambia yeyote mwenye pingamizi aliwasilishe kwa kaunti ndani ya siku 14. Fikiria sentensi hiyo ilivyo. Kuna anayekusudia, kuna kinachokusudiwa, na kuna muda. Kuna pia msomaji aliyepewa kitu cha kufanya: pinga. Ni tangazo la ujenzi linalomwona jirani kuwa mtu mwenye kauli. Tatizo ni mwili wake. Mara nyingi ni maandishi membamba ya Kiingereza cha mawakili, yameshikizwa getini mahali ambapo jirani mwenyewe asingesimama bila kuulizwa anatafuta nini. Siku 14 zinapita huku karatasi ikinyonya umande.

Halmashauri zetu zina mamlaka ya sheria ndogo, na zimeyatumia kwa ada za maegesho na kwa mikojo ya ukutani. Zinaweza kuyatumia kwa sentensi mbili za lazima juu ya kila kibao cha ujenzi, kabla ya jina la mteja. Ya kwanza: Jengo hili lina kibali cha ghorofa kadhaa, idadi ikiwa tarakimu nyekundu. Ya pili: Ukihesabu zaidi, piga simu halmashauri, na nambari ikiwa ya ofisi, si ya afisa, kwa kuwa maafisa huhamishwa na vibao hubaki. Zote mbili ziwe kwa Kiswahili. Herufi zisipungue urefu wa kiganja cha mkono, maana msomaji ninayemtaka yuko ng'ambo ya barabara, kasimama kwenye daladala, na ana muda wa taa moja nyekundu.